Kwa Maitu, Kabla Sijapewa Figo ya Mwanao

Maitu, mama mzaa mume wangu,

Nimeketi mlangoni pako, kwenye kile kiti cha mbao ambacho mtu akikikalia anaona majani chai yote mpaka mtoni. Ni Jumapili. Watoto wamekwenda kanisani na jirani, mwanao yuko zizini, na nyumba imetulia. Begi letu liko tayari tangu jana. Kesho asubuhi mimi na Muriithi wako tunateremka Nairobi, na daktari akitupima mara ya mwisho akaridhika, atatoa figo moja ya mwanao anipandikize mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Mtu akianza kwa kukuuliza hali ya ng'ombe na ya mvua, ulikuwa unamwambia ataje kwanza aliyekufa ni nani, ng'ombe watafuata.

Tangu tukuzike sijazungumza nawe. Wenzangu huenda makaburini wakasema yaliyo moyoni. Mimi nikija kwako maneno hunikauka, nang'oa magugu, narudi nyumbani. Leo yamekuja, na yamekuja kwa Kiswahili, ingawa mimi nawe tuliongea Kikuyu maisha yetu yote. Wagonjwa wenzangu wa mashine ya kusafisha damu, wa Nanyuki na wa Sagana, wameniuliza mara nyingi wewe ulikuwa nani. Walikuona tu ukiwa umeketi kwenye benchi la nje, kiondo miguuni. Nataka nao wasome.

Nilipoletwa hapa Wamagana kutoka Murang'a, nilikuwa nimeogopeshwa sana. Kwetu waliniambia mama mwenye mtoto mmoja tu, tena mjane, hamwachilii mwanawe. Kwamba nitapimwa kwa kila chapati na kila sufuria. Hata wiki haikuisha, ukaingia jikoni kwangu. Ukaangalia moto, ukaangalia vyombo, ukasema, "Jiko hili ni lako na lile ni langu. Tukikosana, tukosane juu ya kitu kingine." Ukaondoka. Miaka yote tuliyoishi pamoja hatukukosana juu ya jiko, na hicho kitu kingine ulichokitaja sikumbuki kama tulikipata.

Binti yetu wa kwanza tulimpa jina lako, Wambui, kama inavyotakiwa, nawe ukawa unamwita "mimi mdogo". Nilipojifungua wa pili ndipo mwili wangu ulipoanza kuharibika. Presha ilipanda nikiwa mjamzito na ikakataa kushuka baada ya kujifungua. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni miguu imejaa, nikijiambia ni uchovu wa kusimama darasani kutwa nzima. Ni wewe uliyenikalisha kwenye hiki kiti, ukanibonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Ulilitazama lile shimo kwa muda, kisha ukaniambia nivae sweta twende hospitali, na kwamba kesho yake darasa langu wangelifundisha wengine.

Daktari wa Nyeri alituambia figo zangu zote mbili zimefika mwisho wa kazi. Tangu siku hiyo damu yangu inasafishwa na mashine kila Jumanne na kila Ijumaa. Waliniunganishia mishipa ya mkono wa kushoto ili sindano zipate pa kuingia, na mahali hapo pakawa pananguruma mchana na usiku. Waliniambia niwe nikihakikisha kila siku kwamba mngurumo upo, maana ukinyamaza ni hatari. Kumbe hukuniachia hata kazi hiyo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, ulipita kwangu, ukaweka kiganja chako juu ya mkono wangu, ukasikiliza kwa ngozi, ukasema, "Anaongea," ukaenda zako.

Mtu wa mashine hali kama watu wengine. Sisi watu wa huku, ukituondolea viazi, maharagwe, ndizi na avokado, umetuachia nini? Mtaalamu wa lishe alipotueleza ya kula na ya kuacha, mimi nilikuwa nalia. Wewe ulikuwa unamsikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kurudi nyumbani. Tulipofika ulikata viazi vipande vidogo, ukavilaza ndani ya maji ili madini yanayonidhuru yatoke, ukamwaga, ukachemsha, ukamwaga tena, ukachemsha upya. Ulikuwa umepika viazi tangu utotoni, na katika uzee wako ukakubali kujifunza kuvipika kama mgeni.

Kisha ukaacha chumvi. Hakuna aliyekuambia uache. Nilikusihi usijitese kwa ajili yangu, ukasema ulimi wako umezeeka, hauoni tofauti. Lakini nilikuwa nakutazama ukila mukimo wetu wa viazi vya kupondwa usio na chumvi, ukitafuna polepole kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea mdomoni. Na chai yako, Maitu, ile chai uliyoipenda ikiwa imejaa kikombe kikubwa cha bati, ulianza kuinywea nyuma ya zizi. Nilijua. Niliona mvuke juu ya ukuta. Ulijua kwamba mimi napimiwa maji, kwamba kiu hiyo haina mfano, na hukutaka nikuone ukimeza. Hukuwahi kulitaja, nami sikuwahi kukuambia kwamba nimeona.

Siku za mashine mwanao alikuwa karakanani kwake akitengeneza milango na vitanda, kwa hiyo ni wewe uliyenisindikiza mjini. Mimi nikiingia ndani, wewe ulibaki kwenye benchi ukisuka kiondo. Pale ndipo ulipokutana na Mama Halima wa Nanyuki, ambaye mumewe anauza mbuzi na ng'ombe, na mume huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa kama mimi. Nyote wawili Kiswahili chenu mlijifunzia sokoni. Nilikuwa nawasikia mlango ukifunguliwa.

"Mzee yako iko aje leo?"

"Iko tu. Na mtoto yako?"

"Iko."

Mkaendelea hivyo miezi na miezi, na manesi wakawa hawamwiti mmoja bila mwingine. Yeye akija na tende anakuwekea, wewe ukienda na nduma za kuchemsha unamwekea. Ni yeye aliyekuambia habari ambayo daktari alikuwa ametueleza kwa maneno magumu tusiyoyashika vizuri: kwamba mpwa wake alipewa figo na ndugu yake, na wote wawili wako hai, mmoja anachunga na mwingine ana duka. Siku hiyo nilipotoka ndani nikiwa nimechoka kama nguo iliyokamuliwa, uliniambia tukiwa bado langoni, "Kumbe mtu anaweza kutoa figo na abaki anatembea."

Nilidhani unanipa habari tu. Ijumaa iliyofuata ulivaa nguo yako ya kanisani. Nikakuuliza kuna nini, ukasema hakuna. Tulipofika hukuketi kwenye benchi. Ulinifuata mpaka kwa daktari, ukabaki umesimama ijapokuwa alikuonyesha kiti, ukamwambia kwa Kiswahili chako, "Daktari, mimi niko na figo mbili na kazi ya moja. Toa moja upatie huyu."

Yule daktari hakucheka. Alikushukuru kwanza, akakuomba uketi, akakufunga kile kitambaa cha kupima presha. Akapima, akasubiri, akapima tena. Akakueleza taratibu kwamba umri wako ni mkubwa, na kwamba presha yako iko juu sana kuliko yangu mimi niliyeletwa nikiwa mgonjwa. Figo yako hawezi kuichukua, na kuanzia siku hiyo wewe mwenyewe ni lazima umeze dawa. Ulizipokea zile tembe ukazitazama kiganjani.

"Nimekuja kupeana," ukasema, "sasa nimepewa."

Ni mimi niliyecheka, na wewe ukacheka. Lakini njiani ulizigeuzageuza zile tembe kiganjani. Ulikuwa umeumia. Tulipofika kwenye lango la boma ndipo uliposimama, ukalishika, ukasema, "Ningejua utahitajika, ningeutunza huu mwili." Maitu, kwa mwili huo uliyalima mashamba haya peke yako tangu mumeo alipofariki Muriithi akiwa bado mwanafunzi mdogo. Ulimbeba kila mtu hapa. Bado ulijiona kama umechelewa kuutunza kwa ajili yangu.

Kwetu Murang'a mama yangu ana kisukari, na damu ya kaka yangu haikukubaliana na yangu. Tulikuwa tumebaki na mashine tu. Ndipo mwanao akaja kwako ukiwa unachuma chai. Alinieleza baadaye. Alikuambia anataka kupimwa ili anipe figo, na wewe uliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, ukamimina majani kwenye kikapu, ndipo ukamuuliza kama ni yeye anayetaka au ni mimi niliyemwomba. Akakujibu kwamba mimi sijui lolote. Ukamwambia, "Basi nenda ukamwambie mkeo, usimfiche."

Nilikataa. Nilimwambia siwezi kumlaza mtoto wako pekee kwenye meza ya kupasuliwa. Niliona uso wako mbele yangu wakati nasema hivyo, na nilidhani nakutetea.

Habari zilifika kwa ukoo kabla hata Muriithi hajatolewa damu ya kwanza. Jumapili moja baada ya ibada wakaja, baba wadogo wawili na shangazi Nyaguthii, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye tangu zamani neno lake ndilo linalofunga mikutano ya familia hii. Tuliketi sebuleni kwako. Mimi nilikaa karibu na mlango kwa sababu nilijua nitataka kutoka.

Shangazi hakuzunguka. Alisema ati Muriithi ni mmoja, na boma hili linasimama juu yake. Akiharibikiwa, nani atabaki? Alisema ananionea huruma, lakini mimi ni mtoto wa watu, na watu hao wako Murang'a, wana figo zao. Alisema mwanamume anaweza kupata mke mwingine lakini wewe huwezi kupata mwana mwingine. Baba wadogo walitazama sakafu. Hakuna aliyempinga, na nitasema kweli, hata mimi sikuona mahali pa kumpinga. Kila mtu alikugeukia wewe, kwa sababu walikuja wakijua utasema wanachotaka, na ukikisema wewe mjadala utakuwa umekwisha.

Ulikuwa unamimina chai. Ulimaliza kuwamiminia wote. Ukaketi, ukaweka mikono magotini.

"Mtoto huyu nilimlea peke yangu ili awe mtu," ukasema. "Leo amekuwa mtu, mnaniambia nimrudishe awe mtoto."

Shangazi akataka kusema. Ukainua mkono kidogo tu.

"Na huyu msimwite tena mtoto wa watu ndani ya nyumba hii. Mimi nimekula chakula chake na yeye amekula changu. Muriithi akitaka, madaktari wakisema anaweza, mimi mama yake nimekubali. Kunyweni chai."

Shangazi Nyaguthii hakuinywa. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka, na hakukanyaga tena hapa mpaka siku ya mazishi yako. Mimi sikuweza kutoka wala kubaki. Nilisimama nimeshika fremu ya mlango, nikijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kunisimamia hivyo, hata kwa baba yangu mzazi.

Nimewasimulia wenzangu wa mashine habari za siku ile, na wote wanadhani wewe hukuwa na woga. Hapo ndipo nataka wakujue vizuri. Kesho yake asubuhi nilikufuata shambani na nikakukuta umesimama katikati ya michai, kikapu mgongoni, mikono haichumi. Ulikuwa unalia bila sauti, machozi yanashuka tu. Nikakuambia bado tunaweza kuacha, hakuna atakayekulaumu. Ukajifuta kwa kitambaa chako cha kichwa.

"Naogopa," ukasema. "Lakini huo woga ni wangu. Msiubebe nyinyi."

Ukaendelea kuchuma. Nilisimama pale mpaka ukaniambia niende shuleni, watoto wanangoja.

Ijumaa hiyo ulimkalisha daktari kitako ukamuuliza yote uliyokuwa nayo. Je, mtu wa figo moja anaweza kuinua mbao? Anaweza kulima? Anaweza kuzaa? Akizeeka itakuwaje? Daktari akakujibu moja moja, na akakuambia kwamba wao ndio watakaokuwa wakali kuliko wewe, kwamba wakiona kasoro ndogo kwa Muriithi watamrudisha nyumbani. Ulipenda hilo. Ulisema mtu anayekataa haraka anaweza kuaminiwa akikubali.

Na kweli hawakumhurumia. Mwanao, ambaye hajawahi kulazwa hospitalini hata siku moja, alitolewa damu mpaka akaanza kuwatania manesi kwamba wamwachie ya kurudi nayo Wamagana. Walimpiga picha za kifua, wakampima moyo, wakazitazama figo zake zote mbili, wakamkusanyisha mkojo wa mchana na usiku kwenye dumu. Mimi nami nikapimwa, nikachanjwa, nikang'olewa jino lililooza, kwa maana mtu haruhusiwi kuingia kwenye upasuaji huu na uchafu wowote uliojificha mwilini. Kila jioni tukirudi ulikuwa hapa mlangoni. Hukuuliza "mmeshindaje". Uliuliza, "Wamesema nini?" Tukikuambia kipimo kimekuwa kizuri, uliitikia kwa kichwa na kwenda kukamua, na mlio wa maziwa kwenye ndoo ulikuwa wa mtu mwenye furaha.

Tulikuwa tumekaribia kabisa. Kisha nikapata homa nikiwa kwenye mashine, nikaanza kutetemeka, wakakuta mapafu yameshikwa na maambukizi. Nililazwa, nikapona, lakini safari ya Nairobi ikaahirishwa na baadhi ya vipimo ikabidi virudiwe. Nilivunjika moyo. Wewe ulisema ni afadhali homa ije kabla kuliko baadaye, ukanipikia uji wangu, ukanipimia kwenye kikombe changu kidogo.

Ni katika kungoja huko ndiko tulikokupoteza.

Walikukuta umeanguka kati ya mistari ya chai, kikapu bado kiko mgongoni. Kilikuwa kiharusi. Dawa zako ulikuwa unazimeza kila siku, mimi mwenyewe nilikuwa nakuona, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ulilazwa Nyeri, kwenye hospitali ileile, na Jumanne hiyo mimi nilifungwa kwenye mashine upande mmoja wa ukuta na wewe umelala upande mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza benchi kuwa tupu. Nesi alikuwa anaenda wodini kwenu na kurudi kuniambia unaendeleaje, bila kuombwa. Waliponichomoa sindano sikungoja nguvu zirudi. Nilitembea nikishika ukuta mpaka kitandani kwako.

Mdomo wako ulikuwa umeenda upande na maneno hayakutoka. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Uliponiona uliinua ule wa kushoto, ukautafuta mkono wangu juu ya shuka, ukaweka kiganja chako pale palipofungwa bandeji. Ukafumba macho ukasikiliza. Kisha ukaniangalia, na hata kwa mdomo ule nilijua umesema nini.

Uliondoka kabla ya Ijumaa.

Kwenye mazishi yako watu walijaa mpaka barabarani. Mama Halima alikuja kutoka Nanyuki na buibui lake, akasimama katikati ya vilemba vya wanawake wa kanisa lako, na mchungaji alipouliza kama kuna rafiki anayetaka kusema neno, yeye ndiye aliyesogea. Alisema, "Huyu alikuwa dada yangu ya benchi," akashindwa kuendelea, akarudi mahali pake. Hotuba ziliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka.

Shangazi Nyaguthii naye alikuja. Alimvuta Muriithi kando, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimwambia sasa amebaki peke yake, mama amekwenda, asiongeze msiba juu ya msiba. Muriithi alimshika mkono kwa heshima, kisha akarudi kaburini.

Niliona shangazi amesema kweli. Wewe uliyetukingia maneno ya watu hukuwepo tena. Mwanao alikuwa amekonda, alikuwa akiamka anakwenda shambani kwako na kusimama tu. Nikamfuata karakanani, akiwa anapiga randa mbao, nikamwambia nimeizoea mashine, wapo watu wanaoishi nayo miaka mingi, tuache. Aliendelea kupiga randa. Nikarudia. Akasimamisha randa, akapuliza vumbi la mbao.

"Ruhusa alinipa mama," akasema. "Sina pa kuirudisha."

Kisha akanionyesha kitanda alichokuwa akikitengeneza, akaniuliza kama naona ubao mmoja umepinda. Maitu, ni mtoto wako huyo. Mtu anayemjua mmoja wenu atamtambua mwingine gizani.

Tulirudi kwenye safari za Nairobi. Huko kuna mshauri ambaye humhoji kila mtu peke yake, mlango umefungwa, ili ahakikishe hakuna aliyenunuliwa wala kulazimishwa. Alimuuliza Muriithi kama kuna mtu anayemsukuma. Mwanao akamjibu kwamba kama kuna aliyemsukuma ni yule aliyemlea hivyo, na huyo amekwishalala. Akamuuliza tena, "Figo ikikataa kufanya kazi kwenye mwili wa mkeo, utajisikiaje?" Muriithi akasema, "Nitakuwa nimempa hata hivyo." Hayo hakuniambia yeye. Mshauri ndiye aliyeomba ruhusa yake na kunisomea, nilipoingia kwa zamu yangu, kwa sababu nilikuwa nimeanza tena kusema kwamba ninamwibia.

Kipimo kikubwa kilichobaki kilikuwa kile cha kuchanganya damu yake na yangu, waone kama zitagombana. Majibu yalikuja nikiwa kwenye mashine. Nesi, yuleyule aliyekuwa akiniletea habari zako, alisoma simu yake akaja akasimama mbele yangu, na kabla hajafungua mdomo wagonjwa wote walikuwa wamejua. Mume wa Mama Halima, aliye kwenye kiti cha pili kutoka changu, alisema alhamdulillahi, na mzee mmoja wa Sagana akaanza kuomba kwa sauti, kwa Kikuyu, na hakuna aliyemnyamazisha.

Unaniuliza najisikiaje? Naogopa, Maitu. Naogopa dawa ambazo nitameza maisha yangu yote ili mwili usiikatae figo ya mwanao. Naogopa kuamka kabla yake na kuulizia kitanda chake. Lakini nimejifunza kwako kwamba mtu anaweza kuogopa na mikono ikaendelea kuchuma. Watu husifu wanawake waliosoma, waliosafiri, waliosimama majukwaani. Mimi nikitaka kusifu, namkumbuka mwanamke mfupi wa Wamagana aliyekuwa na mtoto mmoja duniani, aliyejua kabisa kinachoweza kutokea, na aliyesema nimekubali mbele ya watu waliotaka aseme hapana, akisema hivyo kwa ajili ya msichana aliyeletwa kutoka kwingine. Hukunizaa. Hukuwa na deni lolote kwangu. Sijawahi kuona jambo kubwa zaidi ya hilo kwa macho yangu.

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu mbwa amebweka na mtu amefika.

Nitakuambia ni nani, kwa sababu hutaamini. Ni shangazi Nyaguthii. Amekuja na mkoba mkubwa na amevaa gambuti za shamba. Nilisimama nikatafuta salamu, nikaanza kumweleza kwamba kesho tunaondoka, nikidhani amekuja kutuzuia kwa mara ya mwisho. Alinipita akaingia nyumbani kwako, akaweka mkoba wake juu ya kitanda chako, akatoka nje akasimama hapa mlangoni akilitazama shamba.

"Watoto wanalala saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na ni ng'ombe gani anapiga teke?"

Muriithi, ambaye alikuwa ametokea zizini na ndoo mkononi, akamwambia ni yule mweusi. Shangazi akaichukua ndoo mkononi mwake. Alikuwa haniangalii. Alisema kwamba nyumba ya mtu ikiwa na safari kama hii haifai kuachiwa majirani, na kwamba mwenye kukaa na watoto angekuwa wewe, na kwa kuwa wewe hupo, atakaa yeye mpaka turudi, hata ikichukua miezi. Hakuomba msamaha, nami sikuona kama kuna uliobaki wa kuombwa. Sasa hivi namsikia zizini akimgombeza yule mweusi kwa sauti inayofanana na yako kuliko nilivyowahi kugundua.

Basi Maitu, nakuaga. Watoto wanarudi, nawaona wakipanda kilima. Nisamehe kwa magugu ya kaburini. Shangazi atayang'oa, na atayang'oa vizuri kuliko mimi. Lala salama huko uliko. Naondoka na mwanao asubuhi. Nitarudi naye.

Ni mimi, mkamwana wako.